Vita ya roboti za upasuaji ndo nafasi yetu ya kubana bei

Juni 2025 Dk. Vipul Patel akiwa amekaa Orlando kule Florida alimfanyia upasuaji wa kutoa tezi dume yenye saratani mzee mmoja aliyekuwa amelala kitandani thieta ya Luanda, Angola, umbali wa kilomita kama 11,000. Mikono ya daktari iko Marekani, vyuma vinavyokata na kushona viko Afrika, katikati ni waya wa intaneti. Ile habari ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, huku kwetu Moshi na Arusha watu wakawa wanaulizana hospitali ya KCMC lini, Mount Meru lini, wengine wakasema haya sasa rufaa za India zimeisha, bingwa wa Ulaya atakupasua ukiwa umelala hapa hapa kwenu.

Mimi nilichokiona kikubwa kwenye ile habari ni mashine yenyewe. Roboti ya siku ile haikuwa da Vinci ya Wamarekani ambayo imetawala hii kazi kwa miaka zaidi ya ishirini, ilikuwa Toumai, ya kampuni ya MicroPort MedBot ya Shanghai. Yani daktari wa Marekani, kwa kibali cha majaribio kutoka kwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani yenyewe, FDA, anatumia mashine ya Kichina kumtibu mgonjwa wa Afrika. Miaka kumi nyuma hili lisingewezekana kwa sababu muuzaji alikuwa mmoja tu na bei ilikuwa yake. Sahivi wauzaji ni wengi, wanagombania wateja, na sehemu ambayo bado haijashikwa sana ni huku kwetu. Hapa ndo nataka tukae na tufikiri vizuri kabla hospitali zetu hazijaanza kusaini mikataba moja moja, kila mtu na lwake, manake tukikosea kusaini sasa tutalipa kwa miaka mingi na atakayelipa ni mgonjwa.

Niseme kabisa mimi ni fundi wa vifaa tiba, nimesomea hapa Arusha, sio daktari, kwa hiyo hii kitu naiangalia kwa jicho la mtu anayeitwa mashine ikishakufa.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu bila historia hatuelewi kwa nini bei iko pale ilipo. Ile ya Angola sio mara ya kwanza mtu kupasuliwa na daktari aliye mbali. Tarehe 7 Septemba 2001, siku nne kabla ya mashambulizi ya New York, Profesa Jacques Marescaux akiwa huko huko New York alimtoa mfuko wa nyongo mama mmoja wa miaka 68 aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa. Roboti waliyotumia iliitwa Zeus, ya kampuni ya Computer Motion. Walikodi laini maalumu ya simu na ucheleweshaji ulikuwa kama milisekunde 155, hata jicho halishtuki. 2003 Dk. Mehran Anvari kule Kanada naye akatumia Zeus hiyo hiyo kufanya upasuaji zaidi ya 20 akiwa Hamilton na wagonjwa wake wako North Bay, mji mdogo kilomita kama 400 kaskazini. Fikiria umbali huo kwa huku kwetu, ni kwenda Arusha mpaka Dodoma. Kwa hiyo hii teknolojia ambayo leo tunaishangaa watu walikuwa nayo mkononi wakati sisi hatujaanza hata kushika simu za tachi.

Sasa ilipotelea wapi? Computer Motion na mshindani wake Intuitive Surgical, wenye da Vinci, walikuwa mahakamani wanashtakiana kuhusu hataza, yani haki za ubunifu, kila mmoja anasema mwenzake kamuibia ubunifu. 2003 kesi ikaisha kwa wao kuungana, Intuitive ikaimeza Computer Motion, Zeus ikafungiwa kabatini na haikuendelezwa tena. Kuanzia hapo hospitali ikitaka roboti ya kupasulia tumbo au nyonga inagonga mlango mmoja tu. Hataza zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu mwingine akitaka kuingia anakuta kila kona imeshawekewa bango. Sikatai, da Vinci ni mashine nzuri kweli, iliruhusiwa na FDA mwaka 2000 na imeboreshwa mpaka ile da Vinci 5 ya 2024 ambayo inamrudishia daktari hisia ya mkono, akivuta nyama anaisikia inavyokaza, kitu ambacho kilikuwa kinalalamikiwa tangu mwanzo. Mwishoni mwa 2024 mashine zao zilizokuwa kazini duniani zilikuwa karibu 9,900 na mwaka huo pekee zilifanya upasuaji zaidi ya milioni mbili na nusu. Hawa sio watu wa kubeza. Lakini ubora wa mashine na uhalali wa bei ni vitu viwili tofauti, na mtu akiwa peke yake sokoni hata awe mwema vipi bei haishuki yenyewe.

Twende kwenye hela, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kiini cha yote.

Watu wengi wakisikia roboti ya upasuaji wanauliza bei ya mashine. Mashine inaweza kuanzia chini kidogo ya dola milioni moja mpaka zaidi ya milioni mbili kutegemea modeli, tuseme milioni mbili, kwa hela yetu ni kama bilioni tano. Ni nyingi, ila hela ya aina hiyo inaweza kupatikana, serikali inaweza kutoa, wafadhili wanaweza kutoa, kanisa linaweza kuchangisha, na siku ya uzinduzi waziri anakuja anakata utepe. Hesabu ngumu inaanza kesho yake. Vile vidole vya roboti, yani mikasi, koleo, vishika sindano, havitumiki milele. Kila kimoja kina chipu ndani inayohesabu, kwa miaka mingi vingi vilikuwa vimewekewa mara kumi, ya kumi na moja mashine inakikataa hata kama macho yako yanakiona kizima. Kuna makampuni madogo Marekani yaliyojaribu kuvikagua na kurudisha ile hesabu yakaishia mahakamani na Intuitive. Kampuni inasema ni usalama, na kama fundi nakubali kwamba zile nyaya nyembamba za ndani zinachoka kweli, kuna siku zitakatika ndani ya tumbo la mtu na hakuna anayetaka hilo. Lakini 2020 kampuni hiyo hiyo ilitangaza baadhi ya vifaa sasa vinaweza kutumika mara 12 mpaka 18. Kwa hiyo namba inaweza kusogea, na mwenye kuisogeza ni muuzaji.

Vifaa hivi kwa upasuaji mmoja wa da Vinci vinakula wastani wa dola 1,800 hivi. Juu yake kuna mkataba wa matengenezo ambao mara nyingi ni zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, uitumie mashine usiitumie. Tupige hesabu ya hospitali yenye upasuaji 100 wa roboti kwa mwaka, mashine ya dola milioni mbili tuigawe kwa miaka kumi. Mashine yenyewe inaangukia dola 2,000 kwa kila mgonjwa, matengenezo dola 1,000, vifaa 1,800, jumla 4,800, ambayo ni kama milioni 12 za kitanzania, na hapo hujamlipa daktari, hujalipa nusu kaputi, hujalipa kitanda wala dawa. Haya, ongeza wagonjwa wafike 300 kwa mwaka. Mashine na matengenezo vinashuka mpaka dola 1,000 tu kwa mgonjwa, lakini ile 1,800 iko pale pale. Hata ukipewa mashine bure kabisa kama msaada, ile 1,800 iko pale pale, milioni nne na nusu. Familia ya Rombo au Karatu inayouza ng'ombe au kukata kipande cha kihamba ili mzee atibiwe, hiyo ndo namba itakayowaumiza, ya mashine hawataiona.

Kijana wa bodaboda hapa mjini ataelewa haraka. Ukichukua pikipiki ya mkataba unapeleka hesabu kwa bosi kila siku, unaumia, lakini unajua mwaka na miezi kadhaa ikipita chombo kinakuwa chako. Kwenye roboti umeshalipa chombo chote siku ya kwanza, alafu hesabu unapeleka bado, na haina mwisho. Mwaka 2024 zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya Intuitive yalitoka kwenye hizi hela zinazojirudia, vifaa, matengenezo na mashine za kukodisha. Kwa hiyo tukisikia makampuni yanashindana tujue wanachogombania hasa ni nani atakayekuuzia vile vidole kwa miaka kumi ijayo.

Na ushindani upo kweli kweli. Waingereza wa Cambridge, CMR Surgical, wana Versius, mikono yake imetengana kila mmoja una kitoroli chake, unaisukuma inaingia thieta ya kawaida bila kuvunja ukuta, ilianza kazi 2019 na India walikuwa kati ya wa kwanza kabisa kuitumia. Medtronic wana Hugo, nayo ya mikono iliyotengana, wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa Chile 2021. Johnson & Johnson walitoa dola bilioni 3.4 mwaka 2019 kuinunua kampuni ya Auris na bado wanahangaika kuileta Ottava yao. Wahindi wana SSI Mantra ya Dk. Sudhir Srivastava, daktari wa moyo aliyefanya kazi Marekani miaka mingi akarudi kwao na lengo la wazi la kutengeneza roboti ambayo hospitali ya India inaweza kuimudu. China wana Toumai na nyingine kadhaa. Kuna na wale wa Johns Hopkins ambao 2025 walionyesha roboti inayofanya yenyewe hatua ndefu ya kutoa mfuko wa nyongo, kwenye viungo vya nguruwe, bila mkono wa daktari, hiyo tuiache kwanza ina safari yake.

Ukiniuliza katika hawa wote nani anatufaa zaidi sisi, macho yangu yako India na China, na sababu ni kwamba wao wameshalazimika kutengeneza kwa ajili ya mgonjwa anayelipa mwenyewe mfukoni. Kampuni iliyokulia kwenye bima za Marekani haijawahi kukutana na mama anayeuliza sista, bila hicho kifaa itakuwa shilingi ngapi.

Sasa swali ambalo watu hawapendi kuulizwa, je hii roboti inamsaidia mgonjwa kiasi gani? Hapa inabidi tuwe wakweli. Faida kubwa watu wanayoisifia, kidonda kidogo, damu kidogo, kurudi nyumbani mapema, sehemu kubwa inatokana na upasuaji wa matundu, yani wa kupitia vitobo vidogo kwa kamera, ambao unafanyika bila roboti, na pale KCMC umekuwepo kwa miaka mingi, wakishirikiana na madaktari wa Northumbria kutoka Uingereza. Roboti inaongeza juu ya hapo. Daktari anaona kwa kina, mkono unaotetemeka unatulizwa, kifaa kinapinda kama kiwiko cha mtu mahali ambapo koleo la kawaida lililonyooka haliwezi, na daktari anafanya kazi amekaa badala ya kusimama masaa matano mgongo umekunjwa. Kwenye nyonga ndani kabisa, tezi dume, kibofu, hiyo ni faida ya kweli.

Lakini vipimo vya haki vilipofanyika majibu yalikuja ya wastani. Australia waliwagawa kwa bahati nasibu wanaume zaidi ya 300 wenye saratani ya tezi dume, nusu wakapasuliwa wazi nusu kwa roboti, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet 2016: wa roboti walipoteza damu kidogo na walitoka hospitali mapema, ila kwenye kuzuia mkojo na nguvu za kiume wiki 12 baadaye hawakupishana. Uingereza walijaribu kwenye saratani ya kibofu cha mkojo, 2022 wakaripoti kwamba ndani ya siku 90 mgonjwa wa roboti anapata siku mbili hivi zaidi za kuwa hai na nje ya hospitali. Siku mbili ni kitu, sikatai, kila mtu aweke thamani yake.

Alafu kuna hii ambayo kila mwanamke wa kanda ya kaskazini angepaswa kuisikia. Saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Kwa miaka mingi Marekani na Ulaya walikuwa wanaipasua kwa matundu na kwa roboti, kila mtu akiamini ni bora kwa sababu kidonda ni kidogo. Timu ya Dk. Pedro Ramirez wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, ikachukua wanawake 631 katika hospitali 33 za nchi mbalimbali, nusu kidonda cha wazi nusu matundu au roboti. Majibu yakatoka 2018. Waliopasuliwa wazi, asilimia 97.1 walikuwa bado wazima bila saratani kurudi baada ya miaka mitatu. Wale wa matundu na roboti ni asilimia 91.2, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Wengi kwenye kundi hilo walikuwa wa matundu ya kawaida, wa roboti walikuwa kama mmoja kati ya sita, lakini Februari 2019 FDA ilitoa tahadhari kuhusu kutumia roboti kwenye saratani za wanawake. Maana yake ile njia ya zamani, kisu na mkono wa daktari, ambayo daktari wetu wa Moshi anaijua vizuri, kwa ugonjwa huu ilikuwa bora kuliko mashine ya mabilioni. Na huku kwetu mama wengi wanafika saratani imeshatoka nje ya kizazi, hapo wanachohitaji ni mionzi. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani hii, tuliyoianza nchi nzima 2018, ambayo tangu 2024 mabinti wa miaka 9 mpaka 14 wanachomwa dozi moja tu, itaokoa wanawake wengi kuliko roboti zote tutakazonunua, na sindano ile haihitaji mkataba wa matengenezo.

Wazee wetu na tezi dume ni hivyo hivyo, wengi wanakuja saratani ishasambaa kwenye mifupa na hapo hakuna cha roboti. Kwa hiyo mgonjwa anayefaa kwa roboti ni yule aliyegundulika mapema, na kumgundua mapema ni kipimo cha damu na mtu wa kumshawishi mzee wa Machame akubali kupima. Ukileta roboti bila kuleta upimaji, wale 300 kwa mwaka hutawapata, utabaki na wale 100, au 50, na hesabu yako ya milioni 12 inapanda.

Kuhusu daktari wa mbali, napenda ile ndoto ila tusiisahau Mei 2024. Nyaya za chini ya bahari zilikatika, EASSy na SEACOM, nchi nzima intaneti ikawa inakwama. Sasa weka mgonjwa mezani na tumbo limefunguliwa siku kama ile. Luanda walikuwa na timu kamili ya madaktari pembeni ya kitanda tayari kushika kisu muda wowote, na hilo ndo la kujifunza: lazima daktari wa hapa hapa awepo na awe anajua kuumaliza ule upasuaji mwenyewe. Kama yupo na anajua, basi matumizi bora ya ile laini ni bingwa wa mbali kuangalia kwenye skrini na kumuelekeza, sogea kushoto, hapo kuna mshipa, ambapo laini ikikatika hakuna anayekufa. Marescaux mwenyewe, yule wa 2001, ana taasisi ya mafunzo ya upasuaji inaitwa IRCAD, imejenga tawi Kigali lililofunguliwa Oktoba 2023, hapo ni ndani ya Jumuiya yetu, daktari wa Arusha anapanda ndege asubuhi yuko darasani mchana.

Nirudi kwenye ufundi. Kuna utafiti wa 2011 wa Lora Perry na Robert Malkin ulioangalia hospitali za nchi 16 maskini ukakuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Sisi mafundi hatukushangaa. Nimewahi kuitwa hospitali moja ya kanda hii kuangalia mashine ya msaada, nzima kabisa, imewaka, skrini inaomba paswedi ya fundi wa kampuni. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo la kurekebisha kwa dakika chache. Kampuni ikataka kumtuma mtu wao kwa ndege na gharama yake ilikuwa kubwa hospitali ikashindwa, mashine ikasukumwa stoo, wamama wakaendelea kupelekwa hospitali nyingine kwa kipimo ambacho kilikuwepo nyuma ya mlango. Niliondoka pale nina hasira na mpaka leo ninayo. Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa vijana waliosomea umeme na vifaa tiba, wana akili na wana mikono, wanachonyimwa ni paswedi na kitabu cha matengenezo. Roboti ina kompyuta nyingi kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia thieta zetu, kwa hiyo mwenye paswedi ndo mwenye mashine.

Ndo maana nasema tuanzie Arusha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, nchi nane. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, makao yake makuu nayo yako hapa hapa Arusha, na KCMC ni moja ya hospitali zake za mafunzo. MSD yetu, Bohari ya Dawa, iliwahi kuteuliwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuratibu manunuzi ya pamoja ya dawa, kwa hiyo hii kazi sio ngeni. Hospitali moja ikienda Shanghai au Gurugram ya India au California kuomba bei ya roboti moja, itapewa bei ya mtu mmoja na mkataba ulioandikwa na muuzaji. Nchi nane zikienda pamoja na chuo kinachosema ni mashine gani madaktari wa ukanda mzima watafundishiwa, muuzaji atakaa chini, kwa sababu anajua daktari aliyejifunzia mashine fulani ataiomba hiyo hiyo maisha yake yote ya kazi. Hiyo ndo karata tuliyonayo na ni kubwa, ila inafanya kazi wakati bado hatujanunua. Hospitali tano zikishanunua mashine tano tofauti kwa misaada mitano tofauti, karata imechanika, na hii hatari iko karibu kwa sababu kila kampuni ingependa sana kuleta moja ya bure ili wengine wafuate.

Cha kudai kiandikwe kwa bei ya upasuaji mmoja, vifaa vyote ndani, ifungwe kwa miaka kumi, na muuzaji asilipwe matengenezo kwa siku ambazo mashine imelala. Mafundi wa hapa wafundishwe kiwandani mpaka waachiwe paswedi na vitabu, spea zikae Afrika Mashariki na sio Dubai. Idadi ya matumizi ya kila kifaa iwekwe wazi pamoja na majaribio yaliyoizaa hiyo namba, ili wataalamu wetu waweze kuuliza kwa nini kumi na sio kumi na nane. Mashine ikae kwenye hospitali ambayo tayari inafanya upasuaji wa matundu kwa wingi, na kigezo kiwe idadi ya upasuaji uliofanyika mwaka uliopita, hata kama itamaanisha ya kwanza inaenda Nairobi au Kampala na sisi wa Moshi tunapeleka madaktari kujifunza huko. Mimi ningetamani iwe KCMC, nimezaliwa Moshi, lakini ningependa zaidi iende mahali itakapopata wale wagonjwa 300.

Wakati mazungumzo hayo yanaendelea hela ndogo ina kazi ya kufanya leo. Kamera na skrini za upasuaji wa matundu kwa hospitali za mikoa, Mawenzi, Mount Meru, Babati, gesi yake isikatike, mashine za nusu kaputi zenye watu wa kuziendesha, jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikata. Tume ya Lancet ya 2015 ilisema watu bilioni tano duniani hawapati upasuaji salama wanapouhitaji, na ikaweka lengo la madaktari wa upasuaji, wa nusu kaputi na wa uzazi 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Daktari kijana anayefanya upasuaji wa matundu mara mbili kwa wiki pale Babati, miaka mitano ijayo akikalishwa kwenye roboti yoyote, ya Mhindi au ya Mchina au ya Mmarekani, ataishika haraka, na siku ikikataa kuwaka katikati ya upasuaji atanyanyuka kwenye kile kiti, atavaa glovu na atamaliza kazi kwa mkono.